Ukuta wa mianzi iliyobanwa umenirudishia usingizi wa mchana

Mimi ni nesi wa zamu za usiku, so mchana ndo usiku wangu. Chumba changu hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kimetenganishwa na cha jirani kwa plaiwudi ya milimita 9 iliyopigiliwa kwenye fremu ya paini, ukigonga kinalia kama ngoma. Jirani hana ubaya wowote, ana watoto wawili wadogo na TV, lakini mtoto akiomba maji kule mimi naamka huku. Mwaka mzima nimeenda kazini macho mekundu na mkononi nina sindano za watu, hilo ndo lilikuwa linaniogopesha.

Nikaanza na trei za mayai kama wengi, nikazibandika ukuta mzima. Mwangwi ndani ya chumba changu ulipungua kidogo, ila sauti ya kule ilipita vilevile, maana kufyonza sauti ni kitu kimoja na kuizuia isipite ni kingine kabisa. Kinachozuia ni uzito, na hewa isipate pa kupenya.

Nikaenda Ndeeba kwa wauza mbao. Muuzaji mmoja ananiambia, "Nesi, chukua hizi, mianzi inameza sauti." Si kweli, ubao mgumu wenye uso laini vile unairudisha sauti, haumezi. Ila nilipouinua mmoja mkono ukashuka! Ilikuwa mabaki ya sakafu, ile mianzi inayochanwa nyuzi, inatiwa gundi halafu inagandamizwa kwa nguvu sana, mita moja ya ujazo inafika kilo 1,000 mpaka 1,200 wakati plaiwudi nyingi ni kama 500 hadi 700. Ubao wa milimita 14 una karibu mara tatu ya uzito wa plaiwudi yangu kwa eneo lilelile, na kwa hesabu ya kawaida ukiuzidisha uzito wa ukuta mara mbili sauti inayopita inapungua kama desibeli 5 au 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nikanunua, hata sikubishana sana bei.

Mama mwenye nyumba akakubali, fundi akaja. Nikamwomba fremu mpya isiguse ile ya zamani hata kidogo, tukaacha nafasi ya sentimita 5, chini na juu tukatandika vipande vya tyubu za boda ili mtikisiko usipande, katikati tukajaza sufi kutoka godoro kuukuu (mbali na nyaya za umeme jamani, sufi inashika moto haraka), viungo vyote vya mbao tukaziba kwa silikoni. Kazi ya siku mbili.

Siku ya tatu nikalala, na bado namsikia mtangazaji wa TV, neno kwa neno! Nililia kwa kweli. Jioni nikamwambia jirani, "Mama Sumaya, naomba uwashe tochi uielekeze juu ya ukuta," nikazima taa zangu, nikapanda kwenye stuli nikasukuma kibao kimoja cha silingi. Kumbe! Mwanga wote unapita, ukuta wa zamani na wangu vyote vinaishia kwenye silingi, kule juu chini ya mabati ni uwazi mmoja wa vyumba vyote, sauti inapanda kwake inashukia kwangu. Mbao zile hata zingekuwa chuma zisingesaidia.

Fundi alirudi akapandisha ukuta mpaka kwenye mabati kwa mabaki yaleyale ya mianzi, mikunjo ya bati akaijaza vitambaa na silikoni. Hapo ndo palibadilika. Maneno siyasikii tena, nasikia mnung'uno tu. Besi ya baa ya barabarani inapita bado, hizo sauti nzito zinataka ukuta wa uzito mwingine kabisa. Jana nimelala saa mbili asubuhi, nimeamka saa tisa alasiri.

Umebaki mlango, ndani ni mtupu na chini una upenyo wa kidole, mwisho wa mwezi nauwekea mpira.