Nilivyoandika upya mwongozo wa kuhamisha mabomba, nguzo na nyaya kwenye ujenzi wa barabara

Mwongozo wa zamani ulianza kwa kumtaka mkandarasi awaandikie barua wenye huduma, yaani wamiliki wa mabomba, nguzo na nyaya hizo, mara anapokabidhiwa eneo la kazi. Shida zote zilizofuata zilianzia kwenye sentensi hiyo. Mkandarasi anapokabidhiwa eneo, michoro imeshasainiwa, mitambo iko njiani na siku za mkataba zimeanza kuhesabiwa. Mamlaka ya maji inayopokea barua siku hiyo haijatenga fedha, haijaagiza mabomba wala haijapima njia mpya. Mkandarasi anakaa anasubiri, anadai nyongeza ya muda, na wenye huduma wanaitwa wazembe kwa jambo ambalo hawakuwahi kuulizwa mapema.

Nilipokabidhiwa kazi ya kuuandika upya, niliamua kwamba swali la kwanza ndani yake litakuwa hili: je, kuna haja ya kukihamisha kitu hiki? Na liulizwe wakati mchoro wa barabara bado unaweza kubadilishwa.

Nilianzia kwenye mafaili ya miradi iliyokwisha, hasa barua za madai. Nguzo na transfoma, vitu ambavyo kila mtu anaviona, vilikuwa na mivutano yake, lakini mivutano mirefu na ya gharama ilihusu vitu vilivyozikwa. Ramani inasema bomba limepita kulia mwa barabara, kijiko kinalikuta kushoto. Au linakutwa palepale lakini juu zaidi, kwa sababu barabara iliwahi kuchongwa huko nyuma na hakuna aliyesahihisha kina kwenye rekodi.

Hapo nilisaidika sana na utaratibu wa chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani, ASCE, kilichotoa kiwango chake mwaka 2002 na kukihuisha mwaka 2022. Taarifa za chini ya ardhi zinapangwa kwa madaraja manne. D ni yale yaliyomo kwenye rekodi na kumbukumbu za watu. C ni rekodi hizo zikilinganishwa na vinavyoonekana juu ya ardhi na kupimwa, kama vifuniko vya chemba na vali. B ni kilichotambuliwa kwa vifaa bila kuchimba. A ni kitu kilichofukuliwa kwa uangalifu, kikaonekana kwa macho na kina chake kikapimwa. Uingereza nao wana utaratibu unaokaribiana na huo, PAS 128, uliotoka mwaka 2014. Ninachokipenda ni kwamba mchoraji analazimika kusema anajua kwa kiasi gani. Bila herufi, mstari wa bluu wa bomba kwenye mchoro unaotokana na shimo lililochimbwa wiki iliyopita unafanana kabisa na mstari unaotokana na kumbukumbu ya fundi aliyestaafu. Kwenye mwongozo mpya, mstari usio na herufi haupokelewi.

Walioshika fedha waliuliza kwa nini tulipie upimaji huu wa chini ya ardhi wakati hata usanifu haujakamilika. Niliwaonyesha utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 1999, uliochambua miradi 71 ya barabara kuu Marekani na kukuta kwamba kila dola iliyotumika kwenye upimaji wa namna hii iliokoa dola 4.62. Kisha niliweka pembeni yake barua zetu wenyewe za madai. Naamini barua ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi, maana kila aliyekuwa mezani aliikumbuka angalau moja.

Vifaa navyo vina mipaka yake, na nilitaka mwongozo uitaje waziwazi. Rada ya ardhini haioni mbali kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa. Kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba ya chuma hakilioni bomba la plastiki, isipokuwa waya wa kulifuatilia ulizikwa pamoja nalo. Kwa hiyo tukataja mahali ambapo shimo la majaribio ni lazima: penye kalavati, penye mtaro mpya, na popote barabara itakaposhushwa chini ya usawa wake wa sasa.

Moyo wa mwongozo ni jedwali. Kila kitu kinachogongana na barabara kinapewa mstari wake, wenye mahali kilipo, mmiliki, daraja la taarifa na kinachogongana nacho. Baada ya hapo kuna safu nne kwa mpangilio huu: kuacha kilipo, kukilinda, kubadilisha usanifu wa barabara, kuhamisha. Safu ya nne haijazwi mpaka msanifu ameandika kwa nini tatu za kwanza zimeshindikana. Hiki ni kipengele nilichokipigania bila kuchoka, kwa sababu nilishaona msanifu akichora mtaro juu ya kebo kubwa ya umeme wakati kuusogeza nusu mita kungemaliza kazi. Kebo nyingine zinahitaji tu kuvalishwa bomba la kinga lililopasuliwa katikati na kumwagiwa zege juu. Maji taka ndiyo yenye somo gumu zaidi. Bomba lake linategemea mteremko kutoka chemba hadi chemba, hivyo ukiinua kipande kimoja unalazimika kufuatilia vyote vinavyokimwagia maji, pengine mtaa mzima. Mara nyingi ni nafuu barabara ilipishe bomba hilo.

Kwa vile visivyo na budi kuhama, nilikwenda kukaa na mafundi wa laini na wa mabomba. Fundi mmoja mzee aliniambia, "Mhandisi, mnatupa sote tarehe moja. Mimi nitapandaje nguzo ambayo mwenzangu hajashuka?"

Alikuwa sahihi, na suala lake lilistahili sura nzima. Nguzo moja hubeba umeme juu na nyaya za mawasiliano chini yake. Nguzo mpya inasimikwa, umeme unahamia kwanza, kisha kampuni za mawasiliano zinafuata moja baada ya nyingine, na nguzo ya zamani haiwezi kung'olewa hadi wa mwisho aondoke. Ndiyo maana unakuta nguzo imesimama katikati ya njia mpya ya magari ikiwa imeshikilia waya mmoja. Mwongozo wa zamani uliwapa wote siku zilezile, kwa hiyo kila mtu isipokuwa wa kwanza alikuwa amechelewa hata kabla hajaanza. Sasa siku za kila mmoja zinaanza kuhesabiwa pale aliyemtangulia anapokabidhi kwa maandishi, na jina la wa mwisho, anayebaki na jukumu la nguzo, linaandikwa tangu mwanzo.

Ardhini anatangulia aliye chini kabisa: maji taka, kisha maji safi, kisha umeme, kisha mawasiliano. Tuliingiza pia siku ambazo zamani hazikuhesabiwa kabisa. Bomba jipya la maji safi likishalazwa linapimwa kwa presha, linasafishwa kwa klorini na sampuli inapelekwa maabara, na muda wote huo la zamani lazima liendelee kuhudumia watu. Mkandarasi anayeona mtaro umefukiwa hudhani kazi imeisha, kumbe bomba la zamani chini ya greda yake bado lina maji.

Kuhusu nani alipe, sikubadilisha mengi. Aliyeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, kwa kibali cha muda hujigharamia, aliyekuwapo kwa haki yake mwenyewe hulipwa na mradi, na anayetumia nafasi hiyo kuweka bomba kubwa kuliko la awali hulipia tofauti.

Kipengele cha mikwaruzo ambayo mitambo huiacha kwenye mabomba na kebo kilileta ubishi mkali. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba la gesi lililipuka na kuua watu 24. Lilikuwa limejeruhiwa na mtambo wa ujenzi siku za nyuma, likaendelea kubeba gesi hadi lilipopasuka. Niliandika kwamba mtambo ukigusa bomba au kebo yoyote, hata kama hakuna kinachovuja, kazi inasimama na mmiliki anaitwa kukagua kabla ya kufukia. Niliongeza kwamba dereva wa mtambo anayetoa taarifa hatozwi faini wala kufukuzwa. Baadhi ya wakandarasi walisema hilo litalea uzembe. Nilisimama imara, kwa sababu dereva anayeogopa kupoteza kibarua hufukia mkwaruzo kwa koleo moja la udongo, na hakuna kifaa kitakachouona tena.

Mwisho kabisa tuliweka sharti la rekodi. Mpima anachukua nafasi na kina cha kila bomba na kebo iliyohamishwa mtaro ukiwa bado wazi, mbele ya mmiliki, na wote wawili wanasaini. Malipo ya mwisho ya kazi hiyo hayatoki hadi vipimo hivyo viingizwe kwenye ramani ya pamoja ya hifadhi ya barabara, ambayo wenye huduma wote wanaweza kuisoma.