Kijana akishatoka jandoni, mpe kazi

Masasi na Newala hili halihitaji maelezo. Wari wanatoka kumbini na nguo mpya, ngoma inakesha, na baada ya mwezi huwaoni tena panapokaa wakubwa. Hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyeliingiza jando kanisani mwanzoni mwa karne ya 20, alishughulika na kuingia kwa mtoto. Kubaki kwake ni kazi nyingine, na hapo Wayahudi wana la kutufundisha.

Kwao mvulana akitimiza miaka 13 amri za dini zinakuwa juu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo bar mitzvah. Msichana ni 12, ingawa wapo wanaosubiri 13. Maandalizi mara nyingi huchukua mwaka hivi, maana gombo la Torati halina irabu wala alama za mahadhi, na kijana atasimama kulisoma mbele ya watu. Aliyepita madrasa afikirie kupewa Kiarabu kisicho na irabu kisha aambiwe asome kwa tajiwidi.

Sherehe ikiisha, wengi wanapotea. Mwaka mzima ulilenga siku moja, na siku imepita. Wayahudi wa madhehebu ya mageuzi wana sherehe ya pili, kijana akiwa na miaka 16 hivi. Inasaidia kidogo, ila naona ni kuusogeza mbele mlango wa kutokea tu.

Kinachomshika kijana ni kuhitajika. Sala yao ya jamaa inataka watu 10 (kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika desturi za kale, wanaume tu). Wakiwa tisa, Torati haisomwi hadharani, na mfiwa hawezi kusema Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu wake. Mtoto wa miaka 13 akiingia, hesabu imetimia. Kwingine vijana wanasaidia kufundisha wadogo zao. AZA, chama cha vijana wa Kiyahudi kilichoanzia Omaha, Marekani, mwaka 1924, kinaachia wavulana wenyewe wachaguane viongozi. Mtu mzima ni mshauri.

Masomo yao ya wawili wawili, chavruta, yanafaa kabisa madrasa au parokiani. Chukua andiko la nusu ukurasa, si zaidi. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anambana kwa maswali, kisha wanabadilishana. Dakika 20 zinatosha, halafu wote wanakutana. Usiulize "tumejifunza nini?", utajibiwa unachotaka kusikia. Uliza neno gani limewakwaza. Marafiki wa chanda na pete ukiwaweka pamoja, watazungumza Simba na Yanga. Mjuzi ukimpa asiyejua, mmoja anahutubu na mwingine anasinzia, walingane kiasi. Kelele zisikutishe. Ukimya ndio wa kuogopa, mara nyingi simu imetoka mfukoni.

Sadaka nayo waachie vijana: wakusanye, wabishane nani apewe, wawili washike daftari. Mkubwa akishawaamulia mara moja, wiki ijayo sanduku ni tupu.

Usianzishe masomo haya Oktoba wala Novemba. Korosho ziko shambani, na kidato cha nne wana mtihani. Mahudhurio yatakuvunja moyo bure. Januari ni bora. Anza baada ya alasiri na umalize mapema, wasichana wafike kwao kabla ya magharibi. Ukichelewesha mara mbili tu, mama zao watawazuia, na utabaki na wavulana watupu.