Mguu umecheza wenyewe, nyumba nzima vigelegele

Mama mkubwa yuko kwangu Tandika tangu wiki iliyopita, katoka Rufiji kuja kunijulia hali. Juzi jioni tumekaa uani tunachambua mchicha, mguu wangu wa kulia, huu huu uliopooza, ukaruka. Ukakakamaa, ukatetemeka, kandambili ikadondoka kule. Mama mkubwa akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, "mwanangu anatembea jamani, njooni muone!" na machozi yanamtoka. Sasa nikabaki mimi na kazi ya kumwambia mtu mzima aliyefurahi vile kwamba hapana mama, hii inaitwa spazimu, misuli inajikaza yenyewe tu.

Nilimwelezea taratibu. Uti wangu wa mgongo uliumia T10, yani usawa wa pingili ya kumi ya kifuani, ile ajali ya daladala, kwahiyo kuanzia kitovuni kushuka sisikii kitu. Neva za chini ya jeraha hazijafa, zipo, ila ubongo hauzifikii tena kuziambia tulia, ndo maana zikiguswa kidogo tu mguu unaruka wenyewe bila mimi kuuamrisha. Na ile operesheni ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, vyuma walivyoniwekea vinashika pingili zisicheze, havirudishi uti ulivyokuwa. Wapo ambao uti haukukatika mawasiliano yote, hao wengi wanarudisha nguvu kiasi fulani, hasa miezi ya mwanzo, kwahiyo sitaki mtu asome hapa akamkatishe mgonjwa wake tamaa. Wangu mimi umekata kabisa.

Yani kila anayepiga simu swali ni moja, utatembea lini? Wanauliza kwa upendo, najua. Lakini sijawahi kupigiwa simu na ndugu akaniuliza ngozi yako ikoje, na ngozi ndo inayoua. Mtu akikaa mahali pamoja damu haipiti pale anapokalia, wewe mzima utasikia ganzi utajisogeza bila hata kufikiria, mimi sisikii, kwahiyo nyama inaoza taratibu huku napiga stori na wateja. Wodini alikuwepo dada mmoja mdogo kuliko mimi, kalazwa nyumbani kwao chali muda mrefu wakisubiri apone, akaletwa na kidonda kifanduguni mfupa unaonekana. Hakutoka. Nikimkumbuka bado nalia.

Kitandani kugeuzwa kila masaa mawili, usiku pia. Kwenye wilchea najinyanyua kwa mikono au naegemea upande, kila baada ya kama nusu saa hivi, na jioni naangalia makalio kwa kioo. Nikiona pekundu hapapotei, kesho yake sikalii pale. Basi. Hakuna dawa ya gharama hapo.

Hii ya kugeuzwa ina historia yake na naipenda sana. Zamani mtu akipooza miguu walikuwa wanamhesabu marehemu tu, vidonda na maambukizi ya mkojo vilimmaliza mapema. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, akafungua kitengo cha majeruhi wa uti pale Stoke Mandeville, Uingereza, akalazimisha wageuzwe usiku na mchana, mkojo uangaliwe, halafu wafanye kazi na michezo. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga mishale wakiwa kwenye viti, na toka hapo ndo ikaja Paralimpiki ya kwanza, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, Roma 1960. Hawakutembea wale. Waliishi.

Mama mkubwa alisikiliza yote halafu akasema sawa, ila kesho nikukande na maji ya moto. Hapo nilikataa kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe yule ni mama yangu. Jamani msitukande na maji ya moto! Sisikii moto, ngozi itababuka na mimi nacheka tu hapo. Hata sufuria la uji msiniwekee mapajani. Kama mnataka kusaidia miguu, ikunje na kuikunjua taratibu kila siku viungo visigande, mtu wa mazoezi ya viungo atawaonesha, na mama mkubwa kashajifunza ana mkono mzuri kweli.

Mkojo ndo mtihani mwingine. Natumia katheta, mpira mwembamba wa kuingiza kwenye njia ya mkojo na kutoa, kila masaa manne mpaka sita, mikono nimenawa na sabuni. Kibofu kikijaa kikapitiliza mkojo unaweza kurudi juu ukaharibu figo, kwahiyo hata nikiwa na oda za watu lazima niache niende. Mpira unauzwa na pesa hamna, kuna miezi nachagua kati ya mpira na uzi wa cherehani.

Ndio, nashona! Cherehani ya mota, pedeli nimeiweka juu ya meza naikandamiza na kiwiko. Sare za shule zimejaa hapa.

Kutembea natamani sana, sidanganyi mtu. Ila sa hivi ninachokisubiri kwa hamu ni mlango wa choo. Mwenye nyumba kakubali upanuliwe, wilchea haipiti, inabidi nibebwe na kama hamna mtu nasubiri nimebana hivyohivyo. Fundi anakuja Jumamosi, kataka mifuko miwili ya saruji na tofali, na kizingiti nimemwambia akitoe kabisa asiache hata kidogo.