Tulivyovuka Namanga na mama mkwe asiye na kadi ya njano

Nimechoka kusikia kwamba kila anayekwenda safari ya mbugani Afrika lazima achanjwe homa ya manjano. Wa upande wa pili wananichosha zaidi, wale wanaosema kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, utaipata palepale mpakani kwa kumshika mtu mkono. Mimi nimeitoa familia ya mume wangu Hamburg nikaipeleka Serengeti na Kenya, na mama mkwe wangu, ambaye hawezi kuchanjwa, alikuwa mmoja wetu. Tulikwenda na kurudi kihalali, na ninajivunia hilo.

Mama ana baridi yabisi na anatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa kirusi hicho kinaweza kumletea maradhi makubwa. Tena amepita miaka 60, umri ambao anayechanjwa kwa mara ya kwanza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya madhara. Daktari wa kituo cha chanjo (Ujerumani si kila kliniki inaruhusiwa kuchoma hii) alikataa bila kusita. Nilimshukuru.

Wakala wa kwanza alinipa ratiba wanayopewa wengi: kushukia Nairobi, kwenda Masai Mara, kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga, Ngorongoro, Serengeti, kisha Zanzibar. Nilipomweleza hali ya mama akanijibu, "Dada, hilo dogo. Kuna kijana wangu atamtolea kadi bila sindano." Nilikasirika. Kadi ya namna hiyo ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo inampotosha daktari. Mgonjwa akiingia na homa kali huku kadi inasema amechanjwa, daktari ataacha kuufikiria ugonjwa uleule alionao. Nikaachana na wakala huyo.

Wa pili alisema barua ya daktari inatosha. Barua ya msamaha wa kiafya ipo kweli, na kadi ya kimataifa ina sehemu yake maalumu. Lakini nchi unayoingia hailazimiki kuikubali. Tuliichukua iwe akiba. Kuiwekea safari nzima ya mtu wa umri ule, hapana.

Ndipo nikakaa usiku mmoja na kanuni zenyewe, na humo nikaona mlango. Mpakani hawajali sana unakokwenda, wanajali ulikotoka. Tanzania inadai kadi kwa msafiri wa mwaka 1 na kuendelea anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, au aliyesubiri ndege kwenye uwanja wa nchi hiyo kwa saa 12 au zaidi. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo kwenye orodha. Ujerumani na Uholanzi hazimo. Na Tanzania yenyewe haimo! Kwa hiyo anayetoka Nairobi kuja Arusha anadaiwa kadi, lakini anayetoka Arusha kwenda Nairobi hadaiwi, ingawa barabara ni ileile na geti ni lilelile.

Nikaipindua ratiba. Tulipanda ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi Kilimanjaro, tukaanza na Serengeti na Ngorongoro, Kenya tukaiweka mwishoni. Shemeji alitaka tuchomekee na gorila wa msitu wa Bwindi. Nikamwambia Uganda wao wanamdai kadi kila anayeingia, atokako kokote, basi hiyo aje na wenzake siku nyingine.

Uwanjani, mfanyakazi wa kaunta alikataa kumpa mama pasi ya kupandia ndege. "Afrika Mashariki, chanjo ni lazima." Sikupandisha sauti. Nilimwomba aingize kwenye kompyuta yake vitu vitatu tu: uraia wa abiria, anakotoka, na kama kuna kituo njiani. Akaingiza. Akasoma. Akamwita msimamizi wake, naye akasoma. Pasi ikatoka. Ukikutwa na hali hii usibishane kwa maneno yako, waombe wasome maandishi ya mfumo wao.

Sisi wengine tulichanjwa wote, maana tulikuwa na mpango wa kwenda Mara, na kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kagueni kadi kabla hamjatoka kliniki: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, mwezi uandikwe kwa herufi, namba ya toleo la chanjo, saini na mhuri. Ya mume wangu haikuwa na mhuri, tukaidai palepale. Watoto wakiwa na deni la chanjo ya surua, ambayo nayo ni hai, mwulizeni daktari mapema. Kwa kawaida zinachomwa siku moja au zinapishanishwa wiki nne.

Mama hakwenda Mara. Hapo sikutaka mjadala, kwa sababu geti linaweza kukuruhusu na mbu asikuruhusu. Nairobi mjini wataalamu kwa kawaida hawaoni haja ya chanjo hii, hivyo alibaki huko na wifi yangu, wakaenda Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakamwona faru kwa karibu. Alivaa mikono mirefu mchana kutwa, kwani mbu wa homa ya manjano anauma mchana. Dawa ya kinga ya malaria alichaguliwa na daktari wake, isigongane na zile nyingine.

Namanga kwenyewe palikwenda vizuri mno. Ofisi za nchi mbili ziko pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Afisa wa Tanzania alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika "Marahaba" kwa sauti nzima, nimemfundisha mwenyewe. Afisa wa afya upande wa Kenya akauliza tumetokea wapi. Arusha. Kabla ya hapo? Ujerumani, kupitia Amsterdam. Akazitazama pasipoti, akatupungia mkono tupite. Ile barua haikutoka hata kwenye bahasha.

Dada yangu anayeishi Maskati alitaka turudi kupitia kwake tukae siku chache. Nikakataa, maana Oman nayo inadai kadi kwa anayetoka Kenya, na mama angekwamia huko. Akaja yeye Nairobi. Kadi yake aliipata Dar zamani, imeandikwa kwamba inaisha 2019, na jirani alikuwa amemwambia akachomwe tena. Nikamkataza. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Alirudi nayo Maskati hivyohivyo, akapita.