Pengo kwenye gamba

Nimerudi kutoka Ilagala, mkoani Kigoma, jana jioni. Nimeoga mara mbili lakini vidole bado vinanuka vichwa vya samaki tunavyotumia kama chambo cha kunasia kobe wa majini ninaowahesabu.

Usiku wa kuamkia juzi mvua ilinyesha huko juu, mto Malagarasi ukaanza kujaa, nami sikulala. Kobe wa majini anavuta hewa kama mimi. Mtego wake lazima ubaki na nafasi juu ya maji. Ukizama wote, aliyemo anakufa. Mwaka jana ulizama mmoja. Kamba niliifunga mimi, fupi mno, mto ulipopanda mtego haukuweza kuinuka. Asubuhi nikatoa kobe aliyelegea. Sijamsahau.

Kwa hiyo saa tisa usiku nikamgongea mzee mwenye mtumbwi. Hakunung'unika. "Shika tochi, mwanangu, mimi nitapiga kasia."

Mitego mitatu ilikuwa mitupu. Wa nne mzito. Nikampakata: jike, mkia mfupi. Akakunja shingo pembeni chini ya gamba, kisha bawaba ikajifunga. Wana bawaba kweli hawa, sehemu ya mbele ya gamba la tumbo hufunga kama mlango. Nikapitisha kidole ukingoni, kipande cha tatu upande wa kulia: pengo. Pengo langu, nililolichonga kwa tupa miezi 14 iliyopita.

Machozi yalinilenga. Mzee akashangaa, kobe niliyekwisha kumkamata ana nini cha kunifurahisha?

Nikamweleza. Ukitia alama kobe 20 ukawaachia, ukarudi ukakamata 10, na 2 kati yao wana alama, unakadiria mtoni wako kama 100. Asiporudi hata mmoja, huna hesabu. Tena hawa hukawia sana kufikia umri wa kutaga. Jike mkubwa akifa, nafasi yake haizibwi msimu ujao.

Akapiga kasia kimya kitambo. "Basi wale tuliokuwa tunawakatakata ili kuokoa nyavu..." Hakuimalizia.

Nikampima, nikaandika, nikamrudisha palepale. Kamba zote nikaziongeza urefu.

Tulipofika nchi kavu, mzee akaniomba nimwonyeshe namna ya kumnasua kobe bila kumuumiza wala kuharibu wavu. Kobe hatukuwa naye tena. Tukatumia sufuria yake na wavu uliochanika, mpaka jua likatoka.