Ugadi Ndani ya Ramadhani

Hyderabad, 31 Machi 2025

Leo ni Idi, na jana wenye nyumba ninamopanga walifungua mwaka wao. Ugadi, siku ya kwanza ya mwaka mpya kwa Wahindu wa Telangana, Andhra Pradesh na Karnataka, majimbo ya kusini mwa India, iliangukia tarehe 30 Machi, wakati sisi Waislamu wa hapa tukiwa katika funga ambayo hatukuwa na yakini kama ndiyo ya mwisho mpaka mwezi ulipoonekana jioni.

Amma, kama sote wapangaji tunavyomwita mama mwenye nyumba, aliamka kabla ya alfajiri, nami nilikuwa macho kwa sababu ya daku. Desturi yao inataka kila mtu ajipake mafuta ya ufuta kichwani na mwilini, aoge kabla jua halijachomoza, kisha avae nguo mpya. Mlangoni palikuwa pameshatundikwa kamba ya majani ya mwembe, na mbele ya kizingiti binti yake alikuwa anachora maua chini kwa unga wa mchele, kwa vidole vitatu tu, bila ya kufuta hata mstari mmoja.

Kisha ikaja pachadi, ambayo kwa kweli ndiyo Ugadi yenyewe. Ni mchanganyiko wa vitu sita: maua ya mwarobaini, sukari guru, ukwaju, embe bichi lililokatwa vipande vidogo, pilipili na chumvi. Hakuna hata kimoja ambacho mtu wa Unguja hakijui, lakini sidhani kama yupo kwetu aliyewahi kuwaza kuvikusanya katika bakuli moja, hasa mwarobaini, ambao sisi tunauchemsha kwa ajili ya homa na kuunywa tumeziba pua. Huliwa kabla ya chakula kingine chochote, na kila mtu hapa atakueleza kwamba uchungu ni huzuni, utamu ni furaha, na kila ladha iliyobaki ina hali yake ya moyo, ili mtu aupokee mwaka mzima pamoja na yote utakayomletea. Maelezo hayo ni mazuri, ila kwangu yamenyooka mno. Kinachonishawishi zaidi ni msimu. Katika siku hizi mwarobaini umechanua, embe bado ni changa na kali, ukwaju mpya umeshavunwa, na sukari guru mpya imefika sokoni, kwa hiyo bakuli lile linaeleza hali ya miti na mashamba ya Dekani, uwanda huu wa juu tunaoishi, mwishoni mwa Machi kabla halijaeleza hali ya moyo wa mtu yeyote. Nikiwa nyumbani Unguja ningehangaika kulipata embe bichi wakati huu, maana msimu mkuu wa maembe unakuwa umeshapita.

Mimi nilikuwa nimefunga, na Amma alilijua hilo. Aliniwekea bakuli langu, akasema kwamba sharti la kuila kwa tumbo tupu nitakuwa nimelitimiza kuliko wanawe wote. Magharibi nilifungua kwa tende na maji, kisha nikaila pachadi. Utamu ndio uliotangulia, ukafuata ukali wa embe na ukwaju, na uchungu wa yale maua ukaja mwisho kabisa, mwepesi kuliko nilivyouogopa, ukakaa kooni hadi baada ya sala.

Mchana kutwa nilikuwa nimeshinda na harufu ya bobbatlu, chapati tamu za dengu, na sitajifanya kwamba ilikuwa rahisi. Dengu zilizokobolewa huchemshwa, hupondwa pamoja na sukari guru na iliki mpaka zishikane, hufungwa ndani ya donge la unga laini, hutandazwa kwa vidole juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta, kisha huchomwa kwenye chuma cha chapati huku zikinyunyiziwa samli bila ya ubahili. Palikuwa pia na wali wa ukwaju wenye manjano, haradali, karanga na majani ya mchuzi. Nilitengewa sehemu yangu ya vyote viwili, na wali ule ukiwa umepoa ni mtamu zaidi.

Jioni kwenye mahekalu na kwenye televisheni husomwa kalenda ya falaki, panchangam, inayotabiri mvua na mavuno na kumpa kila mwenye nyota yake tarakimu nne za mwaka: mapato, matumizi, heshima na fedheha. Mume wa Amma alipata matumizi makubwa kuliko mapato, akanung'unika kwa dhati kabisa. Mimi siamini tarakimu hizo, ingawa natoka katika kisiwa ambacho huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu hutazama moshi wa kibanda kinachoteketezwa unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Mwaka huu unaitwa Viswavasu, mmoja katika mzunguko wa majina 60 yanayorudi kwa zamu. Kukutana kwake na Ramadhani kuna sababu iliyo wazi: Ugadi nayo hufuata mwezi mwandamo. Tofauti ni kwamba kalenda yao huongezewa mwezi mmoja kila baada ya takriban miaka mitatu ili isiachane na misimu, na yetu haiongezewi kitu, ndiyo maana Idi hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwakani Ugadi itakuwa tarehe 19 Machi, Ramadhani ikiwa ukingoni tena, lakini mwaka 2027 itarudi Aprili nasi tutakuwa tumeshakula Idi zamani. Asubuhi ya leo nilipompelekea Amma tambi za maziwa na tende nilimweleza hesabu hiyo, naye akasema kwamba basi mwaka huo nitaipata pachadi asubuhi pamoja na wengine, na nitaingia foleni ya bafu kama wengine.