Mstari mmoja uliobeba sauti

Jioni hii nawaza safari iliyotutoa kwenye kurasa binafsi ikatufikisha kwenye podikasti, vipindi vya sauti vya mtandaoni. Wanaoisimulia hutaja vipaza sauti na simu janja. Mimi kila mara narudi kwenye mstari mmoja wa msimbo ambao wasikilizaji wengi hawajawahi kuuona.

GeoCities, huduma ya kurasa binafsi mtandaoni, ilianza mwaka 1994: unapewa nafasi ya bure, unaandika HTML (msimbo wa kurasa za wavuti) kwa mkono, unapandisha mafaili. Kilichowatoa watu jasho kilikuwa kitu kidogo. Picha imeitwa Mama.JPG, ukurasa unaita mama.jpg. Kwenye Windows ya nyumbani inaonekana vizuri. Ikifika kwenye seva ya Unix, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, linabaki boksi tupu. Na hata mambo yakikaa sawa, msomaji hakuwa na namna ya kujua kuna jipya ila aje mwenyewe kuchungulia.

Blogu zilipunguza kazi ya mkono. Blogger, huduma ya kuandikia blogu, ilizaliwa 1999. Unaandika kwenye fomu, tarehe inajipanga, jipya linakaa juu. Kiswahili nacho kikaingia: Ndesanjo Macha na blogu yake Jikomboe aliwaonyesha wengi kwamba lugha hii inatosha kujadili lolote mtandaoni. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa nyuma ya pazia: mlisho wa RSS. Ni faili la maandishi lenye orodha ya makala, na programu ya msomaji hulikagua yenyewe kila baada ya muda. Kuchungulia kukaisha.

Mwishoni mwa 2000 Dave Winer, mtunzi wa programu, akaongeza kwenye RSS kipengele kiitwacho enclosure. Huo ndio mstari wangu. Una mambo matatu tu: url, yaani anwani ya faili la sauti, length, ukubwa wake kwa baiti, na type, ambayo kwa MP3 huandikwa audio/mpeg. Blogu ikapata sauti bila kubadili umbo lake. Jina lenyewe la podikasti lilitokea kwenye gazeti la Guardian la Uingereza Februari 2004, na Juni 2005 Apple ikazipokea podikasti ndani ya iTunes, programu yake ya muziki.

Mlisho haupendi uzembe. Andika kichwa cha kipindi “Mama & Mwana” bila kuigeuza alama ile ya kati kuwa & na mlisho mzima unagoma, si kipindi hicho peke yake, kwa sababu XML, lugha ambayo mlisho huandikwa, inaisoma kama mwanzo wa amri isiyokamilika. Pitisha mlisho kwenye kikaguzi kabla ya kuutangaza.

Ukubwa wa faili nao unanigusa, maana anayelipa ni msikilizaji, kwa bando lake. Mazungumzo ya dakika 30 kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 29. Yaweke kwenye mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili) ya kilobiti 64 yanashuka hadi 14 na kidogo, na sauti ya mtu anayezungumza haipungukiwi na kitu cha maana. Muziki ndio unaoumia. Rekodi kwa WAV, sauti isiyobanwa, hariri kwa WAV, kisha geuza kuwa MP3 mara moja tu mwishoni. Kila ukihifadhi tena MP3 iliyohaririwa, herufi “s” zinaanza kukwaruza.

Halafu kuna guid, kitambulisho cha kila kipindi. Wengi huiharibu siku ya kuhama seva: inabadilika, programu zinadhani vyote ni vipya, na msikilizaji anashushiwa tena vipindi alivyokwisha kuvisikia. Ihamishe kama ilivyo. Anwani ya zamani ya mlisho ielekeze kwenye mpya kwa 301, msimbo wa seva unaosema “imehama kwa kudumu”, na usiuondoe uelekezo huo baada ya siku mbili. Wapo wanaofungua programu mara moja kwa mwezi. Yahoo ilipoifunga GeoCities ya Marekani, Oktoba 2009, viungo vya kurasa zake vilikatika kwa sababu anwani zilikuwa za mwenye nyumba. Mlisho uliowekwa kwenye kikoa (jina la tovuti) ulichosajili mwenyewe unahama na msikilizaji hagusi chochote.